Kitabu Kimoja, Rafu Tatu

Dereva wa lori aliingia maktabani kwetu asubuhi ya Jumatatu, kofia mkononi, kama mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Gari lake lilikuwa Malaba likingoja karatasi za forodha, siku ya tatu hiyo, na mwenzake alikuwa amemwambia kwamba mjini kuna nyumba ya vitabu ambamo mtu hukaa kutwa bila kuulizwa atakunywa nini. Mtu wa Mombasa. Kiswahili chake kilinifanya nikipige changu pasi kwanza kabla ya kumjibu.

"Dada, mna hadithi za Kiswahili? Lakini zisiwe za shule."

Nikampeleka 896.392. Rafuni palikuwa na vitabu kumi na tisa. Viwili ni kamusi zilizopotea njia. Vitano ni vya sarufi. Kumi na viwili vilivyobaki ni nakala za riwaya moja tu, ile iliyokuwa kitabu teule cha mtihani miaka michache nyuma. Akainama, akavipitishia kidole, akacheka kwa adabu. "Dada, hapa kuna mtu mmoja mwenye mashati kumi na mawili." Akachukua gazeti, akaenda kukaa kwenye dirisha linalotazama mwamba wa Tororo.

Niliona haya, maana nilijua tuna zaidi ya hivyo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na sita katika ukutubi, na hadithi za Kiswahili nimezigonga mihuri kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa zilikuwa wapi? Jioni ile, baada ya kufunga mlango wa mbele, nilichukua daftari nikaanza kutembea rafu kwa rafu. Kazi niliyodhani ni ya jioni mbili ilinila wiki sita. Nilichokikuta ndicho ninachotaka kukueleza, kwa kuwa nadhani maktaba nyingi za Uganda, pengine hata hiyo iliyo karibu nawe, zinaugua ugonjwa huu huu: hadithi zipo, tena za kila namna, ila mpangilio wenyewe ndio unaozificha.

Tuanze na namba. Wasomaji wengi huziona zile namba za mgongoni mwa kitabu kama uchawi wa wakutubi. Ni anwani tu, kama vile kusema nyumba ya tatu baada ya kinu cha mahindi. Mmarekani Melvil Dewey alizitoa mwaka 1876, akaigawa elimu yote mafungu kumi, fasihi ikapata mia nane. Ndani ya mia nane mfumo hauulizi hadithi inahusu nini, wala mwandishi katoka wapi. Huuliza kwanza iliandikwa kwa lugha gani. Wamarekani tu, ingawa nao huandika Kiingereza, wakapewa 810 yao, Kiingereza kingine 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, Kiitaliano 850, Kihispania 860, Kilatini 870, Kigiriki 880. Dunia iliyobaki, kuanzia Urusi na India, Uarabuni, China, Japani, mpaka Afrika nzima, imesongamana ndani ya 890 kama abiria wa taksi ya Kampala siku ya kuamkia Krismasi.

Afrika ni 896. Kiswahili ni 896.392, na ukiongeza 3 mwishoni kuonyesha kwamba ni riwaya au hadithi, unapata 896.3923. Luganda ni 896.3957, kwa hiyo riwaya ya Luganda ni 896.39573. Haya, chukua kitabu cha Luganda cha kurasa sitini, mgongo mwembamba kama ubua wa mtama, ujaribu kukibandika lebo ya tarakimu nane. Lebo inazunguka mpaka kwenye jalada, inakunjika pembeni, na ukipita msimu mmoja wa mvua gundi inaachia. Kitabu kikibaki uchi, anayekirudisha rafuni hukichomeka popote penye nafasi. Riwaya ya Kiingereza ni 823. Tarakimu tatu, lebo inakaa miaka ishirini. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo, lakini ukipita kwenye rafu za maktaba yoyote ya mji mdogo utaona ni vitabu gani vimebaki na anwani na ni vipi vimegeuka watoto wa mitaani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Lawino. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, aliyekwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya mpira ya Uganda akabaki huko kusoma, alimtunga Lawino kwa Kiacholi: mke anayemlalamikia mumewe Ocol, msomi anayezidharau mila zao, anayemwona mkewe mshamba, na ambaye sasa moyo wake uko kwa Clementine wa poda na rangi ya midomo. Okot mwenyewe aliutafsiri wimbo huo kwa Kiingereza, ukatoka Nairobi mwaka 1966. Kile cha Kiacholi, *Wer pa Lawino*, kilichapwa baadaye, 1969. Mwaka 1975 Paul Sozigwa wa Tanzania akautoa kwa Kiswahili, *Wimbo wa Lawino*.

Maktaba yetu inavyo vyote vitatu. Sikulijua hilo. Cha Kiingereza nilikikuta 821, mashairi ya Kiingereza, kimeegemeana na Wilfred Owen. Cha Kiacholi kilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa tuliyoiandika "Lugha za Uganda", hakina namba, kimelazwa chini ya Biblia na vitabu vya kufundishia herufi. Na cha Kiswahili? Mwenzetu mmoja wa zamani aliliona neno "wimbo" kwenye jalada akakipeleka 780, muziki. Kilikaa jirani na kitabu cha kujifunzia gitaa kwa muda ambao sitaki kuuhesabu.

Nikakifungua pale pale nimesimama. Nyuma kulikuwa na ile karatasi ya tarehe, yenye safu za mihuri ya siku ya kurudisha. Mihuri ya 1976 minne, ya 1977 mitano, ya 1978 mitatu, wa mwisho ni wa Oktoba. Halafu weupe. Muhuri unaofuata ni wa 1991, peke yake, na wino mwingine. Anayeijua historia yetu hahitaji kuambiwa kilichotokea kati ya mihuri ile miwili: mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na baada ya hapo watu wakawa na mambo mengine ya kufanya kuliko kurudisha vitabu. Mara nyingi msomaji akiniomba nimwonyeshe kitabu kizuri cha zamani humwambia afungue nyuma kabla ya mbele. Mihuri haisemi uongo kama majalada.

Kusema haki, kanuni ya Dewey yenyewe haina kosa katika kisa cha Lawino. Kanuni ni kwamba tafsiri hukaa na lugha ya asili, kwa hiyo vyote vitatu vilipaswa kuwa pamoja huko 896.5, zinakoanzia lugha za Nilo-Sahara. Shida ni mbili. Kwanza, anayepanga vitabu akiwa na masanduku kumi mbele yake hutazama jalada. Jalada likiwa la Kiingereza, kitabu kinakwenda kwa Waingereza. Pili, hata kanuni ikifuatwa sawasawa, msomaji wa Kiswahili hawezi kuota kwamba kitabu cha Kiswahili kiko kwa Waacholi. Abdulrazak Gurnah alipopata tuzo ya Nobel mwaka 2021 wengi walikuja kutuuliza vitabu vyake. Mwaka uliofuata riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa kanuni, mahali pake ni 823: Mzanzibari, kwa Kiswahili, katikati ya Waingereza. Mimi kanuni hiyo nimeivunja, na mkaguzi akija nitamkaribisha chai kwanza.

Lawino nilimkusanya. Nikaweka vitabu vyote vitatu kwenye meza moja karibu na mlango, na kadi juu yake: "Lawino anajua lugha ngapi?" Siku ya pili mama mmoja, mke wa askari kutoka kambi ya hapa, alikuja na mwanawe kuchukua kitabu cha hesabu. Ni mtu wa Kitgum. Akakichukua cha Kiacholi, akasoma mstari wa kwanza kimya, wa pili kwa kunong'ona, wa tatu kwa sauti ambayo maktabani ni marufuku. Sikumkataza. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa ameshika cha Kiswahili. Akasogea, wakaanza kulinganisha. Mama anasoma, anacheka, anaeleza. Binti anatafuta mahali penyewe kwa kidole. Walipofika kwa Clementine na poda zake, binti akasema, "Mama, naona Kiswahili kimemhurumia kidogo." Yule mama akafuta machozi ya kicheko. "Kiacholi, mwanangu, hakimhurumii mtu."

Kitabu cha hesabu walikisahau juu ya meza.

Sasa kuna hadithi ambazo hazimo kabisa ndani ya mia nane. Ngano, visa vya sungura na fisi, kisa cha Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, na mkewe Nambi na yule ndugu ya Nambi, Walumbe, aliyewafuata na kifo: vyote hivyo Dewey aliviweka 398.2, ndani ya sayansi za jamii, hatua chache kutoka 395 ambako wanafundisha adabu za mezani. Kwa hiyo hadithi za kale kuliko zote tulizo nazo si fasihi kwa mujibu wa rafu, ni desturi. Jennifer Nansubuga Makumbi akiliandikia jina la Kintu riwaya, iliyotoka Nairobi mwaka 2014, ile ni 823, inakaa kati ya MacLean na Mantel. Kintu wa bibi yako yuko 398.2, ukumbi mwingine, upande wa choo. Kijana anayesoma mmoja hapati nafasi ya kujikwaa kwa mwingine, na kujikwaa ndiko ninakokutafuta mimi. Kwenye katalogi unapata kile ambacho tayari unakijua jina. Vingine vyote unavipata kwa sababu vilikuwa jirani.

Hapa inanibidi nikiri jambo. Miaka minane iliyopita mimi mwenyewe nilipunguza rafu. Kila maktaba lazima ipunguze, vinginevyo itajaa vitabu vya kompyuta za mwaka 1995. Sisi tunaita kupalilia. Mwongozo niliokuwa nao ulisema kitabu ambacho hakijaazimwa miaka mitano kitolewe. Nikaufuata kama katekisimu. Nilitoa masanduku manne, na mengi yaliyokuwemo vilikuwa vijitabu vyembamba, vya manjano, visivyo na lebo. Sikujiuliza kwa nini havikuazimwa. Mtu ataazima vipi kitabu ambacho hakionekani? Vikauzwa kwa kilo.

Mwezi mmoja baadaye nilinunua kabalagala kwa mama anayeuza nje ya stendi. Akanifungia kwenye karatasi. Nilipomaliza kula, kupitia mafuta ya mawese na sukari, nikaona sentensi ya Kiswahili: mwanamke anafungua barua kwenye baraza, mkono unamtetemeka. Ukurasa wa 41. Pembeni, muhuri wetu wa duara. Nilirudi kwa yule mama kumwuliza kama ana kurasa nyingine. Akanitazama kwa huruma, akanipa mbili, lakini zilikuwa za kitabu cha mifugo. Mpaka leo sijui ile barua ilisema nini. Karatasi ninayo kwenye droo, na tangu siku hiyo sitoi kitabu kabla ya kukiweka mezani karibu na mlango kwa miezi mitatu.

Mgawanyo huu wa kuweka hadithi kwa lugha usidhani ni wa Dewey peke yake. Sisi wenyewe tuliuishi. Mnamo Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, na ukitazama orodha ya waliokuwepo utadhani mtu ameipanga rafu: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, Grace Ogot, na kijana mwanafunzi wa hapo hapo chuoni ambaye wakati huo alijiita James Ngugi. Lakini mkutano ulikuwa wa waandishi wanaoandika kwa Kiingereza, na jina lake lilisema hivyo wazi. Shaaban Robert, ambaye tayari alikuwa na mashairi na riwaya nyingi kabatini kuliko wengi waliokuwa ukumbini, hakuwa na kiti, kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Alifariki mwezi huo huo. Ngugi aliliandika jambo hilo baadaye kwa uchungu, naye akaja kuacha kutunga riwaya kwa Kiingereza. Miaka zaidi ya sitini imepita, na katika maktaba yetu Achebe na Shaaban Robert walikuwa bado hawajakaa chumba kimoja.

Waliofichwa zaidi ya wote, hata hivyo, ni wale wa hadithi fupi. Mkusanyiko wa hadithi ishirini ukiingia maktabani, mpanga katalogi mwenye haraka huandika jina la mhariri na jina la kitabu, basi. Waandishi kumi na tisa wamezikwa. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko alikuwa Mganda wa kwanza kupata tuzo ya Caine, kwa hadithi yenye jina la mti wa jambula, huo mzambarau wetu. Hadithi hiyo ilikuwa imetoka mwaka mmoja nyuma ndani ya mkusanyiko uliohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana. Kitabu tunacho. Nilipoandika "Arac" kwenye katalogi yetu, nilijibiwa: hakuna kilichopatikana. Vivyo hivyo kwa mikusanyiko ya FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa Kampala mwaka 1995. Vitabu vyao tunavyo saba, na kwa katalogi vilikuwa na waandishi saba.

Dawa ipo na haina gharama. Tunatumia Koha, programu ya bure ya maktaba iliyozaliwa New Zealand. Jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Ndani yake kila rekodi ina sehemu zenye namba, na 505 ni ya yaliyomo. Ukiandika humo kila hadithi na mtunzi wake, mashine inaweza kuwatafuta. Niliandika, jioni baada ya jioni, umeme ukikatika naandika kwenye daftari nikisubiri urudi. Mikusanyiko thelathini na mmoja. Sikuajiri mtu, sikuomba ruhusa. Kama wewe ni mkutubi na unasoma haya, anza na 505 kabla ya kuanza na bango jipya la mlangoni. Kama wewe ni msomaji, na katalogi ya kwenu inakujibu kwamba mwandishi fulani hayupo, usiiamini: nenda kwenye mikusanyiko, fungua ukurasa wa yaliyomo, soma majina.

Baada ya hapo nilikuja kwenye masanduku ya msaada. Vitabu vingi vya hadithi katika maktaba zetu vinatoka Uingereza kama zawadi, na wenzangu wengine huvisema vibaya. Mimi sivisemi. Ni kweli kwamba tuna wapelelezi wengi wa Sweden kuliko wa Dar es Salaam, na kwamba kuna mwandishi mmoja wa mapenzi ambaye tuna vitabu vyake ishirini na tatu bila mtu yeyote hapa kumwomba. Lakini msomaji si mtoto wa kuchaguliwa chakula. Polisi mmoja wa zamu ya usiku amewamaliza wale wa Sweden wote. Ananiambia kule wanakunywa kahawa mno na hawaandiki maelezo ya mashahidi ipasavyo.

Ni yeye aliyenipa wazo la rafu ya Wapelelezi. Nikavunja lugha. Sherlock Holmes nikamtoa 823, nikamweka bega kwa bega na Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla. Riwaya ya kwanza ya Bwana Msa ilishinda mashindano ya Idara ya Maandiko ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa 1948, na kuchapwa kama kitabu mwaka 1960. Wengi husema Holmes ndiye aliyemwonyesha Abdulla njia. Kwa miaka yote hiyo walikuwa ndugu, na rafu ilikuwa imewatenga kwa mita kumi na mbili. Nikaongeza riwaya ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, na Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, ambaye nilimkuta 327, uhusiano wa kimataifa, bila shaka kwa sababu mtu aliona neno "jasusi". Wasweden wakafuata. Rafu ile ndiyo inayoongoza sasa kwa kuharibika, sifa ambayo naionea fahari.

Yule polisi alimsoma Bwana Msa kwa wiki moja. Alirudi amekasirika. "Huyu mzee haandiki chochote! Anavuta kiko tu, kisha anajua." Akaazima kingine.

Rafu nyingine nilizozivunja sitazieleza zote. Ya safari ilifaulu. Ya mapenzi ilifaulu kupita kiasi, ikabidi niisogeze karibu na dawati langu. Ya "Vitabu vilivyoshinda tuzo" ilikufa ndani ya wiki mbili. Watu waliipita kama wanavyoipita picha ya rais ukutani.

Wanafunzi ndio walionishangaza. Kiswahili kwetu kilibeba sifa mbaya muda mrefu, ya lugha ya askari na ya wezi. Wazee wa hapa waliokuwa vijana miaka ya sabini, ukiwaambia "Simama!" bado mgongo unawanyooka, wanakumbuka vizuizi vya barabarani. Katiba iliporekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili kwenye karatasi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Basi watoto wakaanza kutumwa kwetu. Wanakuja wakiomba "kitabu cha Kiswahili" kama mtu anayeomba panadoli, wanapewa sarufi, wanaondoka. Sasa mtoto akiniomba kitabu cha Kiswahili namwuliza anapenda nini: mpira, mizimu, wezi, mapenzi? Wote husema mpira mbele ya wenzao. Mizimu wanarudi kuiomba wakiwa peke yao.

Naye binti wa kidato cha tatu, yule wa Lawino, alimaliza cha Kiswahili akakitaka cha Kiingereza kwa Owen, kisha akaniuliza kama kuna mtu anaweza kumfundisha Kiacholi. Kwao ni Wajapadhola, na Kidhopadhola ni jamaa ya karibu ya Kiacholi, kwa hiyo alikuwa anakisikia nusu nusu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. Nilimwelekeza kambini, kwa yule mama.

Dereva wa Mombasa alirudi baada ya miezi miwili na kitu, safari nyingine, foleni nyingine. Nilimwona kabla hajafika mlangoni na, nakiri, nilitembea haraka kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Nikampeleka kwenye Wapelelezi. Alisimama muda mrefu. Akakuta jina alilolijua tangu ujana, akalitamka polepole, kama mtu aliyemwona mwanakijiji mwenzake ugenini. "Huyu nilimsoma darasani, kitabu kimefichwa chini ya dawati. Mwalimu alinichapa."

Shida ni kwamba kuazima kunataka barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wako, na mtaa wake uko Changamwe. Nilikiandika kitabu kwa jina langu. Wiki ya tatu nilijiambia kitarudi. Wiki ya tano nikaanza kuhesabu faini yangu mwenyewe. Wiki ya saba akaja utingo mmoja nisiyemjua, kijana mwenye mafuta ya gari mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa plastiki. "Ni wewe dada wa vitabu? Nimetumwa."

Ndani kulikuwa na kitabu chetu, na risiti ya mafuta ya Kigali imeachwa ukurasa wa 112 kama alama. Chini yake kulikuwa na kingine, riwaya ya Kiswahili iliyochapwa Dar es Salaam, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, ambayo katika miaka kumi na sita sijawahi kuiona. Nimeisoma mara mbili. Ina mapenzi, ina maiti moja, ina safari ya meli na mzimu ambaye huenda si mzimu. Iko mezani kwangu bado, haina lebo, kwa sababu sijaamua niiweke rafu gani.